Rafiki wa Afande Kalamu

Ukitaka kujua dunia inakwendaje, usihangaike na redio. Nenda kakae nje ya karakana ya fundi baiskeli asubuhi, agiza kahawa, fumba mdomo. Benchi la pale ni ubao wa ubavu wa lori la jeshi lililokufa zamani, bado lina rangi ya kijani na namba nyeupe iliyofutika nusu. Wanaolikalia ni askari wastaafu watatu ambao waliacha jeshi, lakini jeshi lenyewe halijawaacha mpaka leo. Yupo Gia Nne, aliyeendesha malori miaka ishirini na sita, naye huongea kwa sauti ya mtu anayeshindana na injini. Yupo Tarumbeta, mpulizaji wa bendi, mwenye mashavu yaliyolegea kama mifuko iliyotolewa vitu. Na yupo Afande Kalamu. Fundi baiskeli mwenyewe ni raia, hukaa chini kwenye kigoda na gurudumu mapajani, akichokoza wenye vyeo. Kahawa ni ya Mama Birika, ambaye hana cheo chochote ila ndiye anayewaamrisha wote.

Afande Kalamu alipewa jina hilo kambini, wala si kwa wema. Miaka kumi na tano alishika daftari la wagonjwa. Askari akiamka vibaya anaandika jina lake humo, halafu yeye, sajini wao, anapita na kalamu nyekundu, anamtazama usoni, anakata jina mstari mmoja. "Huumwi. Rudi kwenye mstari." Alikuwa haamini homa, haamini mgongo, tumbo ndiyo kabisa. Kalamu yenyewe bado anayo, imechomekwa mfuko wa shati, siku hizi anaandikia mabao ya mchezo wa dama.

Asubuhi hii, nyuma ya kalamu hiyo kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mkewe ndiye aliyeitia mfukoni, akaupigapiga mfuko kwa kiganja kama anayefunga mlango.

– Mume wangu, leo saa sita ndiyo mwisho. Daktari bingwa anaondoka. Usipokwenda leo, mimi mwenyewe nakwenda kumwambia kuwa umetoroka jeshini.

Wiki mbili nyuma Afande alikwenda kimyakimya zahanati ya wastaafu, akapitia mlango wa nyuma, akatolewa damu ya kupima tezi dume. Namba ikarudi kubwa. Akaletewa barua, ndiyo hiyo karatasi, arudi kwa vipimo zaidi. Mara mbili alitoka nyumbani amenyoa, amevaa viatu vilivyong'arishwa, na mara mbili viatu vikamleta kwenye benchi. Aliogopa. Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo juu ya nafsi yake, na hata sasa alikuwa anasema tu kuwa "anafikiria".

Sasa, kwa bahati mbaya yake, Gia Nne alikuwa ametoa karatasi nyingine mfukoni na kuikung'uta mbele za watu.

– Jamani, hii barua mnayo? Eti wastaafu wote wa jeshi waliovuka hamsini, tukapime tezi dume. Saratani!

– Ninayo, alisema Tarumbeta. Nimefungia kitunguu.

– Mimi sijapata, alisema fundi.

– Wewe raia, alisema Gia Nne. Utaipata wapi?

– Kwani raia hatuna tezi?

Mama Birika akamimina kahawa, akasubiri, maana alijua ujinga hauko mbali.

– Tuanze na chanzo, alisema Gia Nne. Ugonjwa huu ni wa madereva. Kwenye yale malori yetu dereva alikuwa anakalia injini. Mimi nimekalia moto miaka ishirini na sita! Tezi inachemka kama rejeta, mwisho inavuja.

– Ungeitia maji, alisema Mama Birika.

– Acha kumdanganya mtu, alisema fundi. Tezi dume ni valvu, basi. Valvu ikizeeka inang'ang'ania, kitu hakipiti. Mimi valvu naipaka mate, nikiona povu najua inavuja. Kipimo hicho, wala hakuna daktari.

– Kwa hiyo na sisi utupake mate? aliuliza Gia Nne.

– Mkija mmeoga.

Tarumbeta alikuwa anatikisa kichwa muda wote, akiwasikitikia.

– Hamjui kitu. Ni upepo. Mtu akipuliza tarumbeta, pumzi haitoki yote. Nyingine inakosa njia, inashuka. Miaka thelathini inashuka tu, inajikusanya huko chini. Ndiyo maana wapiga ngoma hawaumwi.

– Si yule mpiga ngoma kubwa alikufa kwa hiyohiyo tezi? aliuliza Gia Nne.

– Yule alikuwa anaazima tarumbeta yangu.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Afande Kalamu naye alicheka, ila kwa kuchelewa, na mkono wake ukaenda mfukoni kuhakikisha karatasi haijachungulia. Saa ya ukutani ndani ya karakana, ile aliyoiona vizuri zaidi ya wote kwa sababu alikaa akiielekea, ilisema saa nne na robo.

– Nyinyi mnafikiria udogo, alisema Gia Nne, akainamisha kichwa kama mtu anayetoa siri. Hebu kumbukeni siku ya kuandikishwa. Tulichomwa sindano ngapi?

– Mbili.

– Ya kwanza ya pepopunda. Ya pili?

Tarumbeta aliupapasa mkono wake pale palipochomwa.

– Hatukuambiwa, alisema Tarumbeta polepole.

– Hatukuambiwa! Siku ile ndiyo tulitiwa tezi. Tezi ni kifaa cha jeshi! Sasa siku ya kustaafu, mimi nilirudisha blanketi, buti, kofia ya chuma na sufuria. Nikasaini. Tezi haikuwemo kwenye orodha. Stoo wamekuja kugundua sasa hivi. Hii si barua ya matibabu, jamani. Wanahesabu mali yao.

– Na wakikukuta nayo? aliuliza Tarumbeta, macho yamemtoka.

– Ndiyo wanaikata. Hujasikia kuna watu wanakatwa?

– Mimi nimezaliwa nayo, alisema fundi.

– Basi uliiba.

Mama Birika aliweka birika chini ili acheke vizuri. Lakini Tarumbeta hakuwa anacheka tena. Kulikuwa na jambo lililomkera zaidi ya mali ya stoo.

– Afande, nikuulize wewe uliyeshika vitabu. Nimesikia kuna kipimo cha kidole, kwa njia ya nyuma.

– Nimekisikia, alisema Afande Kalamu.

– Sheria inasemaje?

Afande akakaa wima. Hapa palikuwa mahali pake, na alishukuru kupewa kazi ya kufikiri kitu kingine.

– Sheria iko wazi. Anayekagua lazima awe na cheo kikubwa kuliko anayekaguliwa. Koplo hakagui sajini. Raia hakagui mtu yeyote. Sasa daktari wa pale ni raia. Kwa hiyo mtu wa kunikagua mimi, kwanza wampe cheo.

– Umesikia! alisema Gia Nne. Na jambo la pili, itazame barua yenyewe. Soma hapa.

– "Unakaribishwa," alisoma Tarumbeta.

– Unakaribishwa! Mwanajeshi anakaribishwa? Mwanajeshi anaamriwa. Siku, saa, mahali, mavazi, saini ya kamanda, muhuri. Hii haina muhuri. Mtu akikukaribisha unasema asante, unabaki kwako.

– Ndiyo nilichofanya, alisema Tarumbeta. Nilisema asante.

– Nyinyi wanaume, alisema Mama Birika, kila asubuhi mlikuwa mnachungulia ndani ya mtutu wa bunduki, mnatafuta kutu kwa kitambaa. Bunduki ya serikali hiyo. Leo mwili wenu wenyewe mnataka muhuri?

Mama Birika huwa hajibiwi, ndivyo wanavyoonyesha kuwa wamemsikia.

Gia Nne akamgeukia Afande, jicho likimcheka.

– Lakini wewe hii habari ya kuumwa si unaiweza? Jamani, nimewahi kuwaambia siku aliyonifuta?

– Kila wiki, alisema fundi.

– Nina homa, meno yanagongana. Nikajiandika. Huyu bwana akaja, akanitazama hivi, shaa! mstari mwekundu. "Huumwi. Rudi kwenye mstari." Nikapanda lori natetemeka. Naona barabara mbili, nikachagua ile ambayo haipo. Nilisimama jikoni mwa kambi, katikati ya maharage!

– Ulikuwa unatega, alisema Afande, kama alivyosema kila wiki.

– Nililazwa siku tisa!

Walicheka tena, hata fundi aliyeijua hadithi yote alicheka. Afande Kalamu alitazama kikombe. Siku zote jibu lake la "unatega" lilimtoka kama mate, leo lilitoka kwa shida. Alikumbuka kuwa kila alfajiri ya wiki hizi mbili amesimama mbele ya kioo akijitazama usoni, na akajiambia maneno yaleyale. Huumwi. Rudi kwenye mstari. Mkewe alimsikia siku moja, akauliza anaongea na nani.

Saa tano kasoro kumi. Akakohoa.

– Nina rafiki yangu mmoja, alisema.

Mtu akianza na rafiki yake mmoja, kikombe huwekwa chini.

– Alikwenda kupima. Damu tu. Namba ikarudi juu. Wanamwita tena.

– Masikini, alisema Tarumbeta. Ana watoto?

– Wanne.

– Basi. Mwambie nitampigia tarumbeta mazikoni. Sichukui kitu.

– Hajafa!

– Nasema akifa. Nataka ajiandae akijua muziki upo.

– Ni mtu wa umri gani huyo rafiki yako? aliuliza fundi, bila kuinua macho kwenye gurudumu.

– Kama mimi hivi.

– Alikuwa jeshini?

– Alikuwa.

– Cheo?

– Sajini, alisema Afande, kisha akajuta. Lakini wa kambi nyingine. Mbali.

– Aa, mbali, alisema fundi, akazungusha gurudumu.

– Hata mimi nina rafiki yangu, alisema Gia Nne ghafla, sauti imepungua gia mbili. Yeye hajapima. Ila mkojo unamtesa. Anasimama chooni mpaka mguu unakufa ganzi, unatoka kidogo kama anakopeshwa.

– Na mimi ninaye wa hivyohivyo, alisema Tarumbeta.

Fundi akaweka gurudumu chini.

– Mna marafiki wengi nyinyi. Wote wagonjwa, wote wanaume wa makamo yenu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika hapa akanywa kahawa.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja. Alikuwa mgeni, kavaa gauni jeupe la kazi lenye saa iliyobanwa kifuani, na viatu vya mtu anayesimama siku nzima. Alisalimia kwa heshima, akaomba kahawa, akakaa pembeni mwa benchi baada ya Tarumbeta kujisogeza.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba. Unatoka kazini mapema hivi, mwanangu? aliuliza Mama Birika.

– Sijatoka mama, nimekosa kazi tu. Mimi ni muuguzi hapo zahanati ya wastaafu, nyuma ya ukuta ule. Wiki mbili sasa nimepanga viti arobaini. Barua arobaini niliziandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Daktari bingwa yuko ndani anasoma gazeti la juzi kwa mara ya tatu.

Gia Nne aliikalia barua yake.

– Na hizo barua, alisema Tarumbeta kwa sauti ya mtu asiyehusika, labda lugha yake haikuwa ya kijeshi?

– Nilijitahidi iwe ya heshima. Nikasema hawa ni baba zetu, siwezi kuwaambia njooni kama watoto. Nikaandika "unakaribishwa". Nilikosea?

Mama Birika aliwatazama mmoja mmoja, kwa raha.

– Hakuja hata mmoja? aliuliza fundi.

– Mmoja tu. Siku ya kwanza, kabla sijaanza zamu. Mwenzangu akamtoa damu, jibu likataka arudi, nikamtumia barua ya pili. Hajarudi. Mimi sura yake siijui, wala jina lake siwezi kulitaja. Lakini kiti chake nakifuta vumbi kila asubuhi. Daktari anaondoka leo, na kurudi kwake ni mpaka miezi minne ipite.

Pale kwenye benchi watu walianza kutazama vitu. Gia Nne alitazama nguzo ya umeme. Tarumbeta alitazama viatu vya Afande, vilivyong'aa, na shavu la Afande, lililonyolewa, halafu haraka akatazama juu. Hakuna aliyemtazama Afande mwenyewe, na kwa kutomtazama huko akajua kuwa wote wamejua.

Miezi minne. Alikuwa amehesabu siku, miezi hakuwa ameihesabu.

– Na huyo mtu, alisema Afande, namba ikiwa kubwa ndiyo ameshakwisha?

– Hapana baba. Namba peke yake haihukumu mtu. Pengine tezi imekua tu kwa umri. Pengine ni maambukizi, anapewa dawa. Na pengine ni saratani kweli. Sasa saratani ya pale ikiwahiwa, inatibika. Akikaa nyumbani anaikisia, yeye anakisia na yenyewe inaendelea.

Muuguzi akanywa kahawa, akatazama sura zile nne zilizoganda, akauliza kwa upole tu, kama anayeuliza habari za nyumbani:

– Kwani nyinyi wazee wangu, jana usiku mliamka kwenda haja ndogo mara ngapi?

Watu walioeleza asili ya tezi, sheria ya vyeo, na hesabu ya stoo ya jeshi, wote waligeuka kutazama baiskeli iliyokuwa inapita. Tarumbeta alivuta pumzi ndefu ya kupulizia, lakini hakuna kilichotoka. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Afande, likatoa tone moja na mashapo.

– Kahawa imekwisha, alisema. Mjibuni mtoto wa watu.

Afande Kalamu alitazama saa. Saa tano na nusu. Akilini alimwona mkewe amekaa kitandani gizani, akimsikiliza anavyokwenda chooni na kurudi. Mwanamke yule hakuwa analala. Alikuwa anahesabu.

– Tano, alisema Afande.

Alilisema kwa sauti ya paredi, wima, kidevu juu. Na wale wengine, ambao miili yao ilifundishwa tangu ujana kwamba namba ikitajwa mstarini unaitikia, walijikuta wanaitikia.

– Nne! alisema Gia Nne.

– Sita na nusu, alisema Tarumbeta.

– Nusu vipi? aliuliza muuguzi.

– Ya saba nilifika mlangoni, ikabadili mawazo.

– Mimi sijaamka hata mara moja, alisema fundi kwa majivuno. Nalala kama gogo.

– Basi na wewe njoo, alisema muuguzi. Kuna wenye saratani wanaolala kama gogo. Haipigi hodi kwa kila mtu. Ndiyo maana tunapima hata asiyeumwa.

– Lakini mimi raia.

– Tezi haiulizi.

– Nilisema mimi! Nimezaliwa nayo!

Afande Kalamu alikuwa ameshatoa karatasi yake mfukoni. Aliikunjua mikunjo yote minne, mbele yao, akaigeuza nyuma iliko nyeupe, akaiweka juu ya goti. Akachomoa kalamu nyekundu. Akaandika: Gia Nne. Akaandika: Tarumbeta. Akaandika: Fundi. Alipomaliza, kalamu ikabaki inaning'inia juu ya jina la kwanza, kwa mazoea ya miaka.

Gia Nne akamshika kifundo cha mkono.

– Afande, alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha sautini. Usinifute.

Afande alimtazama usoni, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mgonjwa yeyote.

– Sikufuti, alisema. Na siku ile ulikuwa na homa.

Gia Nne alipangusa pua kwa kiganja, akaanza kutafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani.

Muuguzi alikwishasimama. Tarumbeta alikuwa anauliza kama daktari anaweza angalau kuvaa kofia ya jeshi, kwa ajili ya ile sheria. Fundi alikuwa anafunga karakana, akisema baiskeli ya mtu ingojee. Mama Birika alikusanya vikombe, akaichungulia ile orodha gotini kwa Afande.

– Naona watatu, alisema. Na yule rafiki yako wa kambi ya mbali, humwandiki?

– Huyo yuko upande wa pili wa karatasi. Alishaandikwa.

– Basi mwambie awahi. Saa sita haimsubiri mtu.

– Anakuja, alisema Afande Kalamu, akiwa ameinama. Anafunga kamba za viatu.